Makaburi ya Pemba na Filamu za Wapolandi

Kila aliyeishi Zanzibar ameusikia usemi huu: "Tusifukue makaburi." Mwanasiasa huusema jukwaani, mzee huusema barazani, hata mwalimu wa historia huusema pale mwanafunzi anapouliza jambo lisilokuwamo kwenye mtihani. Mtu akitaja tu yaliyowapata Wapemba baada ya Januari 1964, usemi hutolewa na mazungumzo hukatika. Wengi wanaousema hawana nia mbaya. Wanaogopa damu, na wana sababu: tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi, makumi wakafa, wengi wao Pemba, na zaidi ya Wapemba 2,000 wakavuka kwa madau na mashua hadi Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi.

Wapendwa wasomaji, tungependa kuujadili usemi huo kwa njia ya kuzunguka kidogo, kupitia sinema ya Poland. Katika filamu iitwayo Ida, ya mwongozaji Paweł Pawlikowski, iliyotoka mwaka 2013 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2015, kaburi linafukuliwa kweli, msituni, kwa beleshi.

Hadithi imewekwa mwaka 1962, Poland ikiwa chini ya Wakomunisti. Anna, novisi aliyelelewa na watawa tangu uchanga, anakaribia kuweka nadhiri. Mama Mkuu anamtaka kwanza aende kuonana na ndugu pekee aliyembakia, Wanda, dada wa marehemu mama yake. Kwa Wanda anajua kwamba jina lake hasa ni Ida, kwamba wazazi wake walikuwa Wayahudi, na kwamba waliuawa wakati wa vita. Wanda mwenyewe ni hakimu. Miaka michache nyuma alikuwa mwendesha mashtaka wa dola, akawapeleka watu kwenye adhabu ya kifo, na wananchi wakampa jina la Wanda Mwekundu. Wawili hawa wanasafiri kwa gari kumtafuta muuaji wa ndugu zao. Wanamkuta ni mwanakijiji wa kawaida, mwana wa mzee yule yule aliyekuwa amewaficha Wayahudi hao, na familia yake ndiyo inayoishi katika nyumba ya marehemu. Anawapeleka msituni, anachimba, anawakabidhi mifupa.

Hakuna anayepigwa. Hakuna polisi anayeitwa. Wanawake wale wanaifunga mifupa, wanaipeleka Lublin kwenye makaburi ya ukoo, wanaizika kwa mikono yao. Hapo ndipo usemi wetu wa Zanzibar unapopata shida, kwa sababu haukuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kufukua ili azike.

Kinachotukaa rohoni zaidi ni huyo Wanda. Mwanawe mdogo yumo katika shimo lile. Kwa hiyo mama huyu ni mfiwa, na papo hapo ni mtu aliyewatia wengine msiba. Mwongozaji hamtetei wala hamshtaki. Anamwacha anywe pombe yake, avute sigara, amdhihaki binti kwa imani yake, ampende, na mwishowe ashindwe kubeba anayoyabeba. Ni filamu ya dakika 82 tu, isiyo na rangi, yenye ukimya mwingi. Tuliitazama mara mbili, na mara ya pili hatukumtazama tena novisi.

Wapolandi wana filamu nyingi za aina hii, na si zote zilizotengenezwa baada ya hatari kupita. Ryszard Bugajski alitengeneza Przesłuchanie, yaani Mahojiano, mwaka 1982, wakati nchi iko chini ya utawala wa kijeshi. Ni habari ya mwimbaji wa kilabu anayekamatwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuteswa ili atie saini uongo dhidi ya mtu anayemfahamu. Serikali iliizuia. Watu wakaitazama kwa siri, kwa mikanda ya video iliyopitishwa mkono kwa mkono, hadi ilipoonyeshwa wazi mwaka 1989. Mwaka uliofuata Krystyna Janda akatuzwa Cannes kuwa mwigizaji bora wa kike. Ndani yake pia yumo mhojaji mmoja ambaye moyo unamsuta, na mahabusu anamzalia mtoto. Tena mstari kati ya mtesaji na mteswa unapita ndani ya ukoo mmoja.

Tukiwa seminarini mtatutegemea tuisifu zaidi filamu ya mwaka 2009 juu ya Mwenyeheri Jerzy Popiełuszko, padre aliyetekwa na maofisa wa usalama tarehe 19 Oktoba 1984, akauawa na mwili wake kutupwa mto Vistula. Padre huyo tunamheshimu sana. Filamu yake, kwa maoni yetu, ni dhaifu kuliko hizo mbili. Mtakatifu anaingia akiwa mtakatifu na anatoka akiwa mtakatifu, na mtazamaji anarudi nyumbani akijua kile alichokwenda nacho. Maisha yenyewe ya Kanisa la Poland yalikuwa magumu kuliko hapo: Januari 2007 Askofu Mkuu Stanisław Wielgus alijiuzulu siku ile ile aliyokuwa asimikwe rasmi Warsaw, baada ya kufichuka kwamba aliwahi kushirikiana na polisi wa siri. Majalada yalikuwa na majina ya makasisi pia.

Wala Poland si mbali nasi kama inavyodhaniwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karibu Wapolandi 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha. Wengi wao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kwenda Siberia, wakatoka huko kupitia Uajemi. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Kwa miaka mingi ya Ukomunisti hadithi yao haikuruhusiwa kusimuliwa kwao. Iliwezekana kuitembelea Tanganyika, haikuwezekana kuitaja Warsaw.

Sasa turudi Pemba.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalifanyika Unguja. Pemba ilikuwa ngome ya ZPPP na Hizbu, vyama vya serikali iliyopinduliwa, na waziri mkuu wa serikali hiyo, Mohammed Shamte, alikuwa Mpemba. Damu ya siku za mwanzo Wapemba wengi waliisikia tu. Yao yalikuja baadaye, na yalikaa miaka. Wakuu wapya walivuka bahari kuja kutawala kisiwa walichokihesabu kuwa cha wapinzani. Watu walikamatwa. Watu walichapwa bakora hadharani, wazee mbele ya wakwe zao. Mashamba ya mikarafuu yalitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, na kwa haki ni lazima tuseme kwamba wapo waliopata ardhi kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Kisha chakula. Serikali ilipobana uingizaji wa vyakula kutoka nje, kisiwa kilichozaa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar kikasimama kwenye foleni ya mchele na sukari. Kupeleka karafuu Mombasa kwa magendo kukawa kosa la kunyongwa. Mahakama za wananchi zikawahukumu watu bila wakili.

Mzee Abeid Amani Karume hakuwa Mkomunisti wa vitabuni, na hatutaki kuigeuza Pemba kuwa Poland. Lakini uhusiano upo, tena wa wazi. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza nje ya kambi ya Wakomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki, mwaka huo huo wa 1964. Wajerumani hao walichora na kujenga majumba ya ghorofa ambayo bado yanaonekana Unguja, na ukifika Wete utayaona mengine, yamesimama kati ya minazi kama yaliyokosea bandari. Wakafundisha pia idara ya usalama ya Zanzibar. Markus Wolf, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, ameisimulia Zanzibar katika kumbukumbu zake. Mjerumani ameandika upande wake. Mpemba aliyekuwa ndani ya chumba cha mahojiano hajaonekana kwenye kioo chochote.

Kwani tuna nini? Tuna Africa Addio, filamu ya Waitaliano wawili ya mwaka 1966, iliyopiga picha za maiti za Zanzibar kutoka angani. Picha hizo zinasambazwa kwenye simu hadi leo, na kila anayezisambaza ana ajenda yake. Waliozipiga hawakushuka kumuuliza mtu jina. Waafrika ndani ya filamu hiyo hawana nafsi. Ni kundi linaloua au kundi linalouawa. Ni aibu kwamba hiyo ndiyo kumbukumbu yetu ya sinema juu ya mwaka ule.

Tuna pia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, filamu ya kwanza ya Tanzania kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Tuliipenda. Lakini imewekwa katika miaka ya 1950, na adui ndani yake ni Mwingereza. Mwingereza ni adui mwepesi. Aliondoka, na hana wajukuu mtaani watakaochukia babu yao anavyoonyeshwa. Adam Shafi huyo huyo ameandika Haini, riwaya ya mwaka 2003 juu ya waliotiwa jela baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, na msomaji hahitaji kuelezwa kwamba Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Hiyo ndiyo Przesłuchanie yetu. Imo madukani, imesomwa hata na wanafunzi. Na hakuna aliyeigeuza kuwa filamu. Tunajiuliza kwa nini kitabu kinavumiliwa na filamu haithubutu kuanza, na jibu letu ni kwamba kitabu husomwa na mtu mmoja chumbani, wakati filamu hutazamwa na jirani wawili waliokaa benchi moja.

Tunajua tutakalojibiwa: hao jirani wawili wakiinuka benchini watashikana mashati. Hofu hiyo tunaiheshimu, ila Poland nako hawakupiga makofi wote. Maelfu walitia saini barua ya kuilalamikia Ida, wakisema inawachafua Wapolandi na kusahau kwamba aliyeikalia nchi ni Mjerumani. Televisheni ya taifa ilipoionyesha mwaka 2016 ilitanguliza mazungumzo ya wakosoaji wake. Ikaonyeshwa hata hivyo. Na fedha za kuitengenezea zilitoka kwa sehemu katika taasisi ya filamu ya serikali. Watu waligombana kwa maneno magazetini, jambo ambalo Pemba ingekuwa neema.

Filamu tusiyoitaka ni ile itakayotengenezwa mwaka wa uchaguzi, yenye upande mmoja wa malaika na upande mwingine wa mashetani, rangi za chama zikionekana hata kwenye kanga. Hiyo itakuwa Africa Addio iliyotafsiriwa.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Wakatoliki Pemba ni wachache sana, na wengi wana asili ya Bara. Ni rahisi kwetu kusema kwamba hii ni hadithi ya Waislamu na wenzao, sisi tu wageni. Sivyo. John Okello, Mganda aliyejiita Fildi Masheli, aliishi Pemba kabla ya kwenda Unguja, na katika kitabu chake alidai kwamba sauti ya Mungu ndiyo iliyomwongoza. Alikuwa Mkristo. Jina la Mungu tunayemwomba asubuhi na jioni lilitumika redioni na mtu aliyekuwa akitishia kuua. Filamu ya kweli juu ya Pemba italazimika kumwonyesha Okello, na sisi tutalazimika kukaa tukamtazama, kama maaskofu wa Poland walivyolazimika kuyatazama majalada. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye ujanani alikuwa mwigizaji, aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa tarehe 12 Machi 2000. Hatuoni kwa nini tungeogopa skrini ya mita mbili.

Kibali cha filamu Zanzibar hutolewa na BASSFU, na kabla ya kulaumu udhibiti ni vizuri kwanza pawepo mswada wa kuwapelekea. Mswada huo uandikwe na Wapemba, kwa Kipemba cha Kojani na cha Micheweni, si Kiswahili cha matangazo ya benki. Kazi ya kwanza haihitaji hata kamera kubwa: simu, mkeka, na mzee mwenye subira. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa ameshapita 80. Wamo waliochapwa, wamo waliochapa, na wengine huswali katika msikiti mmoja. Wahojiwe wote, kila mmoja kwake, kwa siku zake.

Na ikifika zamu ya kuchagua waigizaji, tunaomba yule atakayeshika bakora asipewe miwani myeusi wala kicheko cha kutisha. Apewe jina, mke, watoto wanaokosa mchele kama wengine, na kile kishamba chake cha eka tatu ambacho ndicho cha kwanza ukoo wake kuwahi kumiliki.