Kula na kura: Wachekeshaji wa nchi jirani wanamcheka nani?

Viongozi wa ukanda wetu wamezoea kulaumiwa. Upinzani ukipiga kelele, wanajibu. Gazeti likiandika, wanakanusha au wanalifungia. Lakini kuna silaha moja ambayo mpaka leo hawajaipatia kinga, nayo ni kicheko. Mtu anayesimama jukwaani peke yake, hana chama wala bunduki, ameshika kipaza sauti tu, anaweza kumvua nguo waziri mbele ya taifa zima. Ndiyo maana uchekeshaji wa jukwaani, ambao vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wameufanya ajira, hauna budi kuzungumzwa katika kurasa za siasa.

Kwamba wachekeshaji hao wanachekesha, hilo halina ubishi. Sisi wa upande huu wa mpaka tunawatazama kwenye simu, tunarushiana video zao, na wafanyabiashara wakirudi kutoka Kabanga au Manyovu hurudi na mizaha mipya pamoja na mchele na dagaa. Swali la kujiuliza ni hili: wanamcheka nani? Maana kicheko ni kama maji. Ukikiziba kule juu, hakikauki. Kinatafuta mteremko na kuwamwagikia walio bondeni.

Tuanze na Kenya. Rais Daniel arap Moi alitawala kwa miaka 24, kuanzia 1978 hadi 2002, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kuiga sauti yake hadharani kulikuwa ni kujitafutia matatizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakatokea vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaunda kundi la Redykyulass. Mong'are akawa "rais", kwa sauti na kwa miondoko, na televisheni ikarusha. Wazazi waliozoea kunong'ona wanapomtaja mkuu wa nchi wakajikuta wanacheka sebuleni mbele ya watoto wao. Hatusemi kwamba kicheko ndicho kilichoiondoa KANU madarakani mwaka 2002. Walioiondoa ni wapiga kura na upinzani ulioungana. Lakini raia akishamcheka mkubwa mara moja, kumwogopa tena kama zamani huwa ni kazi.

Mlango ulipofunguka, wengi waliingia. Mwaka 2009 ukaja mchezo wa vikaragosi wa XYZ, kazi ya mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Kenya. Naye Daniel Ndambuki, maarufu kama Churchill, alijenga jukwaa lililowatoa makumi ya wachekeshaji chipukizi. Nchi ikapata mahali pa kujicheka.

Hata hivyo, msikilizaji makini anagundua jambo. Sehemu kubwa ya mizaha ya jukwaa hilo haikuwa juu ya serikali. Ilikuwa juu ya ndimi za watu: Mkikuyu anayechanganya "r" na "l", Mluo anayeitamka "sh" kama "s", Mluhya na sahani yake, Mkalenjini na Kiswahili chake. Mzaha wa aina hiyo hauna gharama. Haumleti polisi mlangoni, haumkasirishi mdhamini wa kipindi, na ukumbi wote unacheka.

Tuvuke kwenda Uganda, ambako mpaka kati ya mzaha unaovumiliwa na usiovumiliwa unaonekana vizuri zaidi. Kuna mchekeshaji anayeitwa Teacher Mpamire, ambaye umaarufu wake umetokana na kumwigiza Rais Yoweri Museveni. Anaiga sauti, anaiga kofia, anaiga namna ya kusimulia. Amefanya hivyo kwa miaka mingi, ndani na nje ya Uganda.

Sasa tazama kundi la Bizonto. Mwaka 2020 vijana hao wanne walitoa video wakiwaomba Waganda wawaombee viongozi wao. Wakataja vyeo vikubwa vya serikali na vyombo vya usalama, na kila cheo wakataja jina la anayekishika. Hawakumtukana mtu yeyote. Lakini kila aliyesikiliza alielewa kwamba majina yale yote yalitoka upande mmoja wa nchi, magharibi. Julai mwaka huo polisi waliwakamata kwa tuhuma za kueneza ubaguzi, na wakawekwa ndani kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa.

Tofauti iko wapi? Mpamire anachukua sauti ya rais, Bizonto walichukua orodha ya vyeo. Sauti inavumilika, kwa sababu inamfanya mkubwa aonekane kama babu yetu sote. Orodha haivumiliki, kwa sababu inauliza nani anakula na nani anaangalia. Kweli, Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, na hiyo ni hatua. Lakini msanii anayetafuta mkate wake hasomi hukumu za mahakama. Anatazama yaliyompata mwenzake.

Tanzania nayo ina historia yake. Miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy, la akina Joti, Masanja na Mpoki, lilianzia EATV na baadaye likahamia televisheni ya taifa. Wengi wetu tuliokuwa bado Kigoma tulijazana kwenye vibanda vya video kuwatazama. Waliwaiga wanasiasa na watangazaji, na nchi haikuanguka.

Baadaye hewa ilibadilika. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa ya mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha zilizobadilishana uso wake na uso wa Rais John Magufuli, wakati rais akiadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo akamwagiza aripoti polisi. Mei 2020 akakamatwa tena, safari hii baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya rais akiwa ndani ya suti iliyomzidi mwili. Alipofikishwa mahakamani, mashtaka yakawa ya laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kicheko hakikutajwa, lakini kila mchekeshaji wa Dar es Salaam alijua kesi inahusu nini.

Matokeo yake ni yapi? Majukwaa hayakufungwa. Kumbi za vichekesho za Dar es Salaam ziliendelea kujaa. Kilichobadilika ni shabaha. Mchekeshaji akishajua kwamba rais, waziri na mkuu wa mkoa ni moto, anabaki na nani? Anabaki na mama mkwe, na fundi simu, na dada wa kazi, na mtu wa mikoani aliyeingia mjini juzi. Anabaki pia na mgeni: Mkongo na Kiswahili chake cha "tulikuyaka", Mrundi asiye na "l", mtu wa mpakani ambaye haijulikani ni wa wapi.

Kuna watakaosema kwamba huo ni utani tu, na utani ni mila yetu. Ni kweli, Watanzania wana utani wa makabila, na ni mila yenye busara kubwa. Lakini utani una sheria. Msukuma akimtania Mzaramo, Mzaramo naye ana haki ya kumrudishia hapo hapo, hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Anayechekwa leo ndiye anayecheka kesho. Jukwaani hali ni tofauti. Kipaza sauti ni kimoja, na yule Mrundi au Mkongo anayeigizwa hayumo ukumbini. Akiwemo, atanyamaza ili asijulikane.

Na kujulikana kuna bei. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Waamuzi sura ya 12, watu walivyosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa waseme "Shibolethi", na aliyesema "Sibolethi" akauawa. Ukanda wetu hauhitaji kwenda mbali hivyo. Katika ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,000, jina la mtu na matamshi yake vilitosha kumweka upande wa maadui. Mwaka 2013 Tanzania ilipoendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, maelfu walirudishwa makwao, wakiwamo Warundi wengi walioishi huko miaka mingi. Katika msako wa namna ile, ulimi ni kitambulisho kinachosikika kabla ya karatasi kuonekana.

Sisi tuliosomea uhamishoni tunalijua hili kwa ngozi. Shuleni wenzetu walitusimamisha mapumzikoni wakituambia, "Hebu sema 'lala'." Tukasema "rara", wakavunjika mbavu. Tuliporejea nyumbani tukachekwa upya, sasa kwa Kirundi chetu kilichojaa Kiswahili. Hakuna aliyekufa kwa vicheko vile. Lakini mama anayenunua mawese au vitenge sokoni ng'ambo anajua kwamba akifungua kinywa, bei inapanda, na akibishana, anakumbushwa kwao. Kijana aliyefundishwa kila Jumamosi na televisheni kwamba matamshi yale ni kichekesho hataona ubaya wowote kumpandishia bei.

Je, mizaha ya lugha ipigwe marufuku? Hasha. Lugha ndiyo shamba la mchekeshaji, na anaweza kulima humo humo akavuna kitu kikubwa. Chukua maneno mawili, "kula" na "kura". Mrundi na Mkikuyu huyatamka namna moja. Mchekeshaji mvivu ataishia hapo: mtu wa kijijini anasema anakwenda "kupiga kula", ukumbi ucheke, basi. Mchekeshaji mwenye macho atauliza swali la pili: huyu mzee anakosea matamshi tu, lakini yule mheshimiwa anayetamka vizuri kabisa, mbona ndiye anayeshindwa kutofautisha mambo yenyewe? Anaomba kura ili ale. Herufi ni ile ile na kicheko ni kile kile, ila sasa kimepanda ngazi badala ya kushuka. Anayechekwa ni mtu mwenye uwezo wa kujibu.

Na wenye uwezo huo wanaujua ukali wake, ndiyo maana siasa hupenda kuwavuta wachekeshaji upande wake. John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Jasper Muthomi, yaani MC Jessy, aliutaka ubunge wa Imenti Kusini mwaka 2022 kabla ya kujiondoa. Si dhambi mchekeshaji kugombea, ni raia kama wengine. Lakini Juni 2024, vijana wa Kenya walipojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, Kiarie alikuwa ndani ya Bunge akitilia shaka picha za maandamano, na mitandaoni yeye ndiye aliyekuwa akichekwa. Kwa upande mwingine, Eric Omondi, aliyepata jina kwa kuiga watu jukwaani, alikamatwa Februari 2023 nje ya Bunge hilo hilo akiongoza vijana kulalamikia gharama ya maisha. Wote wawili walilelewa na kicheko. Kila mmoja alichagua mahali pa kusimama.

Nasi hapa nyumbani vijana wameanza kujaza kumbi. Ni jambo jema, na tuwaunge mkono kwa kulipa kiingilio. Lakini tunapocheka, tusiache kupima: anayechekwa ana nafasi ya kujibu? Kesho sokoni au kwenye kizuizi cha barabarani, kicheko hiki kitamgharimu nani? Na serikali za ukanda huu zipime upande wao. Kila mchekeshaji anayeitwa polisi kwa kumtania mkubwa anawafundisha wenzake kumi kumtania mnyonge, na mnyonge huyo mara nyingi ni mgeni, mkimbizi au mchuuzi aliyevuka mpaka kutafuta riziki. Mheshimiwa akichekwa anapoteza usingizi wa usiku mmoja. Mama wa Mugina akichekwa anaweza kupoteza mzigo wake.