Giza la kulipia na giza la kuzaliwa nalo

Najua nimewatupa mkono kwa muda. Tulikuwa na majaribio mfululizo, na si mnajua tena wiki za majaribio, mtu unasahau hata zamu yako ya kufagia. Sasa yamepita, nimelala vya kutosha, na nimeamka na hoja moja ambayo imenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Leo naitema.

Ilianza kantini, hapa chuoni Chang'ombe. Mwenzetu mmoja alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu: kibanda cha mbao pembeni ya ziwa, nchi fulani ya Ulaya, msitu nyuma, hakuna umeme, hakuna mtandao, maji mnachota wenyewe. Watu wanalipa hela ndefu kwenda kukaa humo wiki nzima. Meza nzima ikasema jamani, raha iliyoje! Mmoja akasema angepata wiki moja tu mahali kama pale angerudi mtu mpya. Mimi nikanyamaza, nikaendelea na chapati yangu.

Haikupita nusu saa, zikaja habari za fomu za mazoezi ya kufundisha. Mtu akataja Kigoma, vijiji vya ufukweni kule. Meza ile ile ikacheka. Yule yule aliyetaka kurudi mtu mpya akasema, "Hata wanipe nini, huko porini siendi. Hakuna umeme, hakuna mtandao, maji ya kuchota!" Wadau, nilitaka kumwuliza tofauti ya ziwa na ziwa ni nini, lakini kipindi kilikuwa kimeanza.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kijijini. Nimezaliwa na kukulia Kariakoo, chumba chetu kinatazama uchochoro ambao mchana kutwa unapitisha mikokoteni na watu wenye mizigo kichwani. Ninaposoma usiku nasikia jenereta za maduka umeme ukikatika. Kimya kwangu ni kitu cha kuhadithiwa. Lakini mjomba wangu, kaka yake mama, ni mvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma kwenye njia ya kwenda Mahale. Likizo ndefu ya mwaka jana nilikwenda kukaa kwake siku 12. Kwa hiyo kibanda cha pembeni ya ziwa kisicho na umeme mimi nimelala, tena bila kulipa senti.

Safari yenyewe si mchezo. Basi kutoka Dar mpaka Kigoma unakula barabara siku nzima na usiku, halafu boti ya mbao yenye watu, magunia, mbuzi na pipa la mafuta. Ukishuka unavua viatu unakanyaga maji. Nyumba ya mjomba ni ya tofali za udongo, paa la bati, hatua kama 60 hivi kutoka majini. Kijiji chenyewe kiko mbele, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Pale ni kitongoji cha wavuvi tu. Mtandao unaupata ukipanda kilima. Simu unachaji kwenye kibanda chenye sola, shilingi 500.

Na sitawadanganya, ni pazuri. Ziwa lile ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, linafika mita 1,470 hivi, na asubuhi maji yake ni ya kijani karibu na bluu mbali, unaona mawe chini kama yako kwenye glasi. Ng'ambo ya pili unaiona milima ya Kongo siku hewa ikiwa safi. Ugali wa muhogo, mgebuka wa mawese, hakuna wa kukupigia honi. Usiku wa kwanza mwezi ulikuwa mwembamba na ulizama mapema. Nikatoka nje, nikaona ziwa limejaa taa, nyingi mno, kama mtu amelichukua Jangwani lote la usiku akalilaza juu ya maji. Ni wavuvi. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mitumbwi inakwenda na taa usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri. Nilisimama pale mpaka baridi ikanirudisha ndani.

Ningeishia hapo na mimi ningekuwa nimewaonyesha picha tu kama yule mwenzetu. Sasa sikilizeni yaliyobaki.

Nilikuwa nimebeba zawadi, taa ya sola. Nilinunua hapa hapa Kariakoo kwa shilingi 35,000, duka silitaji. Muuzaji alinihakikishia itawaka miaka mitano. Nilijiona nimefanya la maana, kwa sababu mjomba ana binti, yuko darasa la saba, na mtihani wa taifa ulikuwa wiki mbili na kidogo mbele. Usiku wa kwanza taa iliwaka vizuri, mtoto akasoma mpaka saa nne. Usiku wa pili ikaanza kufifia saa mbili na nusu. Usiku wa tatu ikakonyeza mara mbili ikazima. Tukaianika juani kutwa nzima, wapi! Nikaifungua: ndani kabetri kadogo kama ka rimoti, na kipande cha chuma kimegundishwa pembeni ili taa iwe nzito mkononi. Yaani mtu alikaa akafikiria kuongeza uzito.

Mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Usijali mjomba, zinakuja nyingi za namna hiyo." Hilo ndilo lililoniuma kuliko angenigombeza. Sisi Kariakoo kitu kikiharibika unavuka mtaa, unarudi dukani, unapiga kelele, watu wanajaa, unabadilishiwa. Yeye kurudisha kitu dukani ni zaidi ya kilometa 1,000. Na muuzaji wa feki anajua hivyo. Kitongoji kile dagaa wake wanapakiwa kwenye magunia wanakuja mpaka sokoni kwetu, na sisi tunawarudishia taa zenye chuma ndani.

Usiku wa nne mtoto alisoma kwa tochi ya simu yangu. Wa tano simu ikaisha chaji. Wa sita alisoma kwa kibatari, akiwa ameinama mpaka nywele za mbele zikaungua kidogo, akacheka. Na nje, wadau, ziwa lilikuwa bado linawaka taa. Nilikaa mlangoni nikafikiria jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza: hapa dagaa wana mwanga, mwanafunzi hana. Simlaumu mjomba. Taa zile zisipokwenda ziwani hakuna ada, hakuna sare, hakuna unga. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wapumzike, ndipo mjomba alipojua, anasema, ni vitu vingapi nyumbani vinategemea zile taa.

Halafu mwezi ukakua. Wavuvi wa dagaa hawaupendi mwezi mkubwa, maana maji yote yanakuwa na mwanga na samaki hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika ufukweni. Jioni ya kwanza ya mapumziko hayo mwalimu mmoja wa shule yao, kijana tu, si ajabu kanizidi miaka minne, alipita kwa wenye mitumbwi mmoja mmoja akiomba taa na betri. Watu wanne walikubali. Mimi na mjomba tulibeba betri moja kwa mti begani, kwa zamu, mpaka shuleni. Taa zikafungwa kwenye kenchi za darasa kwa mipira ya baiskeli. Darasa la saba lote likaja, na wengine wa la sita wakachungulia dirishani. Walisoma mpaka saa nne, usiku wa nne mfululizo, mpaka nilipoondoka. Nilisaidia hesabu za sehemu na asilimia. Sijawahi kufundisha mahali ambapo hakuna hata mmoja anayetazama mlango.

Yule binti alifaulu. Lakini hapa naomba tuelewane, maana najua mtu atasema, "Si unaona, kumbe inawezekana!" Hapana. Hivyo ndivyo tunavyokosea siku zote. Mmoja akitoboa gizani tunalisifia giza, wale ambao hawakutoboa hatuwaulizi. Kusoma kwa taa za dagaa siku nne za mbalamwezi si ushujaa wa kupigiwa makofi. Ni deni letu.

Sasa nirudi kwenye meza ya kantini. Kwa nini kibanda cha Ulaya ni raha na kitongoji cha mjomba ni adhabu, wakati giza ni lile lile? Jibu langu ni fupi. Anayelipa anajua lini anaondoka. Ana tarehe ya kurudi mfukoni, kwa hiyo kila shida kwake ni hadithi. Taa yangu ilipokufa mimi nilipata kisa cha kuwasimulia leo. Binti wa mjomba alipoteza usiku wa kusoma. Kitu kimoja, usiku mmoja, nyumba moja.

Hata ndani ya hifadhi ya Mahale, ambako hakuna barabara na watalii wanafika kwa boti au ndege ndogo, kuna kambi za kifahari ambazo usiku mmoja unameza bumu langu la miezi kadhaa. Wanalipia ukimya ule ule na maji yale yale. Siwaonei wivu, na wanaleta fedha. Nasema tu wasituambie, na sisi tusijiambie, kwamba uzuri ni kule kukosa umeme.

Kuna Mmarekani mmoja, Henry David Thoreau, aliyejenga kibanda pembeni ya ziwa dogo la Walden mwaka 1845 akakaa humo miaka miwili na miezi miwili, kisha akaandika kitabu ambacho mpaka leo kinawapa watu hamu ya kukimbia mjini. Namheshimu. Lakini kijiji cha kwao, Concord, kilikuwa mwendo wa miguu tu, na alikuwa akienda na kurudi. Hilo halimfanyi mwongo. Linaonyesha tu kwamba hata yeye mlango wake ulikuwa wazi. Ukiwa na mlango wazi, upweke ni dawa. Ukifungiwa, ni kitu kingine kabisa.

Najua wapo watakaosema umeme unakuja. Ni kweli, na mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka 2022 Kigoma iliunganishwa na gridi ya taifa baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Wakala wa nishati vijijini, REA, umepeleka nguzo mahali ambapo babu zetu wasingeamini. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na nguzo kufika kitongojini, na mtoto hasomi kwa nguzo iliyo mwendo wa saa nzima. Mpaka zamu yake ifike, taa nzuri ya sola ndiyo umeme wake. Ndiyo maana ile feki ya shilingi 35,000 si utani wa Kariakoo. Ni wizi wa usiku wa mtoto.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwa wenzangu wa ualimu: tuache kuyaita maeneo yale adhabu. Ukiyaita hivyo umeshawaambia watoto wa kule kwamba wao wanazaliwa wakiwa kifungoni. Yule mwalimu kijana hakuwa malaika, aliniambia wazi kwamba ameomba kuhama mara mbili. Lakini jioni ile alizunguka kuomba betri. Hapo nilijifunza ualimu kuliko muhula mzima wa mihadhara. Kwa wafanyabiashara wa mtaani kwetu, wengine ni ndugu zangu wa damu: mnajua kabisa ipi nzima na ipi feki. Mteja wa kutoka mbali mpeni nzima, kwa sababu yeye hawezi kurudi. Na kwa wapenzi wa vibanda vya pembeni ya ziwa: nendeni, kwa kweli nendeni, ni pazuri. Ila mkifika mwulizeni mwenyeji anahitaji nini kabla ya kumwambia ana bahati ya kuishi kimya.

Mimi mwenyewe sijifanyi shujaa. Siku ya 12 nilipopanda boti nilifurahi, na niliona aibu kwa ile furaha. Siwezi kuwaapia kwamba ningekaa miaka mitano bila kuomba uhamisho. Lakini niliporudi Dar nilikusanya hela, nikaenda na kaka yangu ambaye anajua kuchagua, tukanunua taa nyingine, tukaiwasha dukani saa nzima muuzaji akinuna, nikaipakia kwenye basi la Kigoma. Mjomba alipanda kilima kunipigia: inawaka, na sasa anaisomea mdogo wake.

Na ile fomu ya mazoezi nimeirudisha jana. Sehemu ya mkoa nimeandika Kigoma. Mama bado sijamwambia.

Naomba kutoa hoja. Kaeni salama wadau.