Miaka 6 Haingoji Mvua Zikatike

Malalamiko yanayotufikia hapa Uingereza yanafanana. Mkandarasi wa Kibaha au Bunju alilipwa, akainua kuta mpaka kwenye lenta, akasimama. Tangu hapo ni ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: "Vuta subira bosi, mvua zikikatika tunaezeka." Mwenye nyumba anavuta subira, maana fundi aliletwa na shemeji na yeye hataki kuonekana mkorofi.

Tunasema wazi: subira ya namna hii inaua haki. Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Kukaa kwako ughaibuni hakusimamishi hesabu. Mazungumzo ya kusuluhishana nayo hayaisimamishi, na Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Hapa England muda ni huohuo, ila mdaiwa asipoutumia kujitetea, mahakama haiutumii kwa niaba yake. Tanzania shauri lililochelewa hutupwa hata kama mdaiwa hakufungua mdomo. Upo mlango mwembamba wa Waziri mwenye dhamana ya sheria kuongeza muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, asiutegemee mtu.

Hasara yenyewe huanza mapema zaidi. Nondo zilizoachwa wazi zimeshika kutu. Kibarua aliyeona saruji yako ikipakiwa kwenda kwa mtu mwingine hapatikani tena, na simu yenye ujumbe ule imeshauzwa. Mkandarasi atadai kuta zimeharibiwa na miaka, si kazi yake, na utambishia kwa ushahidi gani? Ukiomba mahakama imlazimishe amalizie kazi, utaulizwa kwanza ulikuwa wapi siku zote hizo.

Kwa hiyo ahadi ya sauti isikutoshe. Kama kiasi cha kurudishiwa kinajulikana, mtake akiri deni kwa barua yenye kiasi, tarehe na saini yake. Akikiri hivyo kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu, hesabu ya deni hilo huanza upya. Akikataa kuandika, hapo umeshapata jibu lake.

Wewe ambaye nyumba yako imesimama kwenye lenta, toa mkataba kabatini wiki hii, tafuta tarehe kazi iliposimama, kusanya risiti za fedha ulizotuma, umwone wakili. Shemeji ataelewa.