Si Uajabu Ulioiua Saab

Msomaji, liko neno lisemwalo mara kwa mara juu ya kampuni ya motokaa ya Saab ya Uswidi, na neno lenyewe ni hili: kwamba kampuni hiyo ilifilisika kwa sababu motokaa zake zilikuwa za ajabu mno. Wasemao hivyo husema kwa sauti ya mahakimu waliokwisha kukata kesi. Ufunguo, wasema, haukuwa mahali pa ufunguo. Umbo halikuwa umbo la motokaa. Wanunuzi walikuwa maprofesa na wachoraji wa ramani za majengo, watu wachache wapendao kujitenga na wenzao. Basi soko likaiadhibu. Wakiisha kusema hayo hukugeukia wewe kijana uliye shuleni, wakakuonya kuwa afanyaye tofauti na wenziwe mwisho wake ni huo. Nimeyasikia maneno haya hata yamenichosha. Nataka kuyapinga hapa, wala si kwa hasira, bali kwa mambo yenyewe jinsi yalivyotokea, nawe uyapime.

Jina la Saab ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiswidi yenye maana ya Kampuni ya Ndege ya Uswidi. Iliundwa mwaka wa 1937 ili kuipatia nchi ndege za vita. Vita vya Pili vya Dunia vilipoelekea kwisha, wakubwa wa kampuni walitambua kuwa haja ya ndege itapungua, na viwanda na mafundi watakaa bure. Wakaamua kuunda motokaa. Kazi wakaitia mikononi mwa mhandisi Gunnar Ljungström na msanii Sixten Sason, na watu wachache waliozoea ndege kuliko barabara. Motokaa yao ya kwanza ya kuuzwa, Saab 92, ilianza kutoka kiwandani mjini Trollhättan mwezi wa Desemba 1949. Ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Kwa upande ilifanana na bawa la ndege lililokatwa. Mwanzoni zote zilipakwa rangi moja ya kijani, na hazikuwa na mlango wa buti: mwenye mzigo aliupitisha nyuma ya kiti cha abiria. Mlango huo ulitiwa mwaka wa 1953. Mimi sikutetei kasoro hiyo ya buti. Ilikuwa kasoro, nao waliiondoa.

Lakini yapo mengine yaliyoitwa ya ajabu ambayo hayakuwa kasoro hata kidogo, na hapo ndipo penye shauri letu.

Chukua jambo la magurudumu. Katika siku zile motokaa nyingi zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, hali injini imekaa mbele. Saab ilivutwa na magurudumu ya mbele. Kwa nini? Kwa sababu Uswidi ni nchi ya theluji, na gurudumu lenye uzito wa injini juu yake hushika njia kuliko gurudumu jepesi. Haikuwa ya kwanza kufanya hivyo. Citroën ya Ufaransa na DKW ya Ujerumani zilitangulia. Ila Saab ilichagua njia hiyo kwa sababu iliitazama nchi yake, haikuchagua kwa kuwatazama majirani.

Chukua tena injini yake, ambayo ilikuwa ya mipigo miwili. Injini ya namna hii haina oili yake ya peke yake chini. Oili huchanganywa na petroli katika tangi, na petroli iingiapo huwa ndiyo iletayo oili kwenye vyuma. Sasa fikiri dereva anateremka mlima mrefu, mguu ameuondoa kwenye kikanyagio cha mafuta. Magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi, na injini haipati petroli. Ikikosa petroli imekosa na oili, na vyuma vikavu husagana mpaka vikashikana. Wahandisi wa Saab waliponya ugonjwa huo kwa kifaa unachokijua vizuri, maana kimo katika gurudumu la nyuma la baiskeli. Uachapo kupiga pedali mteremkoni, baiskeli yakwenda na pedali zimetulia. Vivyo hivyo Saab iliteremka na injini yake ikapumua taratibu. Mtu asiyejua aliona ajabu, na akatisha wenziwe kuwa motokaa hiyo haishikwi na gia mteremkoni. Kweli haikushikwa, breki zilipata kazi zaidi. Ajuaye alipanga mwendo wake, tena alikuwa na kifundo cha kukifunga kifaa hicho apendapo.

Na ule ufunguo uliotukanwa sana? Tangu Saab 99, iliyoonyeshwa mwaka wa 1967, tundu la ufunguo lilikuwa sakafuni kati ya viti viwili vya mbele. Penye usukani, ufunguo hukaa karibu na goti la dereva, na katika mgongano goti hulipiga chuma hicho. Kati ya viti hauumizi mtu. Tena uliunganishwa na gia: hukuweza kuutoa ila umeitia motokaa katika gia ya kurudi nyuma, na mwizi aliikuta imefungwa hapo. Hata zile nguzo nene za kioo cha mbele zilikuwa na maana yake. Katika misitu ya Uswidi yuko mnyama aitwaye elki, mkubwa kama pofu wetu, mwenye miguu mirefu. Motokaa ikimgonga humkata miguu, na kiwiliwili chote huangukia kioo na paa. Mtu wa nchi isiyo na elki aziona nguzo nene, na hushangaa. Hiyo ndiyo tafsiri ya neno “ajabu” mara nyingi: ni jawabu la swali ambalo mtazamaji hajaulizwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusiwe wa mwisho kulifahamu hilo, maana motokaa hii ilitahiniwa mbele ya macho yetu. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua inapougeuza udongo kuwa uji. Mwaka wa 1962 mwanamke Mwingereza, Pat Moss, aliendesha Saab 96 akawa wa tatu katika Safari. Mwaka uliofuata, ambao magari 7 tu kati ya 84 ndiyo yaliyomaliza, Erik Carlsson wa Uswidi aligonga muhanga, na safari yake ikaishia hapo. Akarudi mwaka wa 1964 pamoja na Gunnar Palm. Injini yao ilikuwa ndogo mbele ya injini za washindani, hata lita moja haikufika. Walipozama matopeni hawakungoja trekta. Waliibiringisha motokaa upande, ikapinduka juu ya paa lake na kusimama tena penye ardhi ngumu, wakaendelea. Wakawa wa pili, nyuma ya Ford Cortina ya Peter Hughes. Waandishi wa magazeti walipoonyesha kutosadiki, Carlsson aliipindua tena mbele yao. Lile bati la mviringo lililochekwa kuwa kama mgongo wa kobe, siku ile lilikuwa na faida ambayo bati la pembe nne lisingekuwa nayo. Huyu Carlsson alikuwa amekwisha kushinda mashindano ya Uingereza mara tatu mfululizo, 1960 hadi 1962, na ya Monte Carlo mwaka wa 1962 na 1963. Kama uajabu ni maradhi, mgonjwa huyu alikuwa na mbio za kutosha.

Hapa mpinzani wangu anaweza kunishika mkono aniulize: je, Saab haikuazima kwa wengine? Iliazima. Injini ya mipigo miwili ilikuwa ikitoa moshi na kula mafuta, wanunuzi wakaikimbia. Kwa hiyo katika mwaka wa 1966 Saab ilianza kutia injini ya Ford ya Ujerumani. Injini ya Saab 99 nayo ilitoka kwa Triumph ya Uingereza. Mambo hayo hayaivunji hoja yangu, yaitia nguvu. Kuazima nyundo ya jirani si kumwachia jirani akujengee nyumba. Saab iliichukua ile injini ya Kiingereza, ikaifumua na kuifanyia kazi miaka kadhaa, na mwaka wa 1977 ikaonyesha Saab 99 Turbo. Ndani yake moshi utokao katika injini, ambao kila motokaa huutupa, huzungusha feni ndogo, na feni hiyo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Basi injini ya lita mbili ikatoa nguvu za farasi 145. Wengine, kama BMW na Porsche, walikwisha kutumia turbo kwa motokaa za mbio. Saab ndiyo iliyoifanya chombo cha mtu aendaye kazini na kupeleka watoto shule. Tena sababu yake ilikuwa umaskini: kampuni ndogo haikuwa na fedha za kuunda injini kubwa mpya. Matajiri waliokuwa wakiicheka waliifuata baadaye, na leo turbo imo katika motokaa nyingi mno, hata za bei ya chini.

Sasa hesabu. Mwaka ambao Saab iliunda motokaa nyingi kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yake ni 1987, zilipopita 130,000. Katika mwaka huo iliuza zaidi Saab 900, motokaa yenye pua ndefu, kioo kilichopindwa, na ufunguo kati ya viti. Yaani ilipokuwa ya ajabu kabisa ndipo ilipouza kabisa. Nangoja bado mtu wa kunieleza jambo hilo kwa kanuni ya “soko liliiadhibu.”

Nakiri ya kuwa fedha zilikuwa haba. Kuuza nyingi si kupata faida nyingi, na kampuni yenye kuunda motokaa laki moja na ushei hugawanya gharama zake juu ya motokaa chache, hali wakubwa huzigawanya juu ya mamilioni. Mwishoni mwa mwaka wa 1989 Saab ilikuwa ikipata hasara, na kampuni ya General Motors ya Marekani ikakubali kununua nusu yake. Mwaka wa 2000 ikachukua yote. Hii ndiyo hoja ya kweli ya upande wa pili, na ni hoja ya udogo. Udogo na uajabu ni vitu viwili. Wanaovichanganya huwa wavivu wa kupima, au wana faida yao katika mchanganyiko huo.

Tazama mwenye mali mpya alivyofanya. Mwaka wa 1993 Saab 900 mpya ilitoka, na chini yake ulikuwa msingi wa Opel Vectra. Wahandisi wa Trollhättan walikataa kukubali kimyakimya. Walibadili kila walichoweza, na kwa kufanya hivyo waliila faida ambayo ule msingi wa pamoja ulikusudiwa kuileta. Wakubwa wa Marekani waliwalaumu kwa ukaidi. Labda kulikuwa na ukaidi. Lakini mtu akimnunua mpishi kwa sababu ya mapishi yake, kisha akamkabidhi chakula kilichopikwa kwingine akigawe kwenye sahani, ni nani mwenye kosa mpishi akiongeza bizari?

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwaka wa 2004 waliuziwa Wamarekani Saab 9-2X, ambayo ilikuwa Subaru Impreza ya Japani iliyovikwa pua ya Saab. Wanunuzi hawakudanganyika, waliipa jina la dhihaka, “Saabaru.” Baada yake ikaja 9-7X, gari kubwa zito ambalo ni Chevrolet TrailBlazer kwa ndani, lililoundwa katika jimbo la Ohio. Na ndani ya gari hilo, unajua walifanya nini? Walihamisha tundu la ufunguo wakaliweka kati ya viti. Msomaji, tua hapo kidogo. Ufunguo uliowekwa pale kwa ajili ya goti la dereva sasa uliwekwa kama pambo, kama mtu avaaye miwani isiyo na vioo ili adhaniwe msomi.

Muda wote huo hesabu ya mwaka 1987 haikupata kupitwa. Dhiki ya fedha ya dunia ilipofika mwaka wa 2008, General Motors yenyewe ikaanguka mahakamani mwaka wa 2009, na mwaka huo Saab iliunda motokaa kiasi cha 20,000 tu. Mapema mwaka wa 2010 iliuzwa kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi iliyokuwa na jina kuliko fedha. Kiwanda kilisimama mwaka wa 2011 kwa kukosa kuwalipa waletao vipande. Matajiri wa China walijitokeza, General Motors ikakataa ufundi wake uende kwao, na tarehe 19 Desemba 2011 Saab ilitangazwa kufilisika. Watu zaidi ya 3,000 wakakosa kazi wakati wa Krismasi. Kampuni nyingine, NEVS, ilinunua mabaki mwaka wa 2012, ikaunda motokaa chache, na mwaka wa 2014 ikapokonywa hata ruhusa ya kulitumia jina. Kampuni ile ya ndege, iliyokwisha kutengana na motokaa zamani, ingali hai, na jina ni lake.

Basi atakapokujia mwenye kusema ya kwamba Saab ilikufa kwa kuwa tofauti, usibishane naye sana. Mwulize swali moja tu: ile 9-7X, na ile 9-2X, zilikuwa tofauti na nini?