Tuwape Watoto Majina ya Vitu

Nabii Adam (a.s.) alifundishwa majina ya vitu vyote, nasi tuanzie hapo kwa watoto wetu. Dada zetu wa Nachingwea na Ruangwa, msimu wa korosho, huwa shambani na wana wao, na shamba ni darasa tosha. Mtoto akisema "bibo", mwongezee: "Ndiyo, bibo jekundu." Kisha nyamaza, mpe nafasi ajibu. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wa tiba ya usemi, ambao nchini ni wachache. Kimwera nacho tusikionee haya; lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Ila tusijifariji kwa "ataongea tu". Akifika miaka 2 hajaunganisha hata maneno mawili, tumpeleke hospitali akapimwe na masikio. Tusimwachie simu imlee.