Kabla Hujapaka Rangi Kibao

Mpwa wangu, ambaye riziki yake ameitafuta kwa kupika halua mjini Tanga, alinijia usiku mmoja akiwa ameshika cheti cha jina la biashara mkono huu na barua ya wakili mkono huu, akaniuliza swali ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni: "Mjomba, hawa wamenipa jina, na hawa wananinyang'anya, mwenye haki ni nani?" Cheti kilikuwa halali, kina nambari na tarehe yake. Barua nayo ilikuwa na hoja, kwani kampuni iliyomtuma wakili ilikuwa imekwisha kusajili neno lile lile, kwa tofauti ya herufi moja tu, liwe alama yake ya biashara katika vitu vitamu, miaka kadhaa kabla kijana huyu hajateleka sufuria yake ya kwanza. Na lebo elfu mbili zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa.

Asubuhi yake nilimkuta uani kwa mamaye, ameinamia beseni la maji ya moto, anatumbukiza makopo matupu moja baada ya moja, anayangoja yalowe, kisha anakwangua lebo kwa ubapa wa kisu. Karatasi ilikubali kutoka, lakini gundi ilibaki juu ya plastiki kama utando wa nta, ikawa hapana budi kuisugua kwa mafuta ya taa. Na kopo lililokwisha kuguswa na mafuta ya taa, hata ulioshe mara saba, halifai tena kutiwa halua. Mamaye alisimama mlangoni akitazama, hakusema neno. Jina lililokuwa likikwanguliwa lilikuwa na jina la marehemu mama yake ndani yake.

Sina nia ya kumlaumu msajili, wala kampuni iliyoilinda milki yake, maana kila mmoja alitenda lililo wajibu wake. Taksiri ilikuwa yetu sisi tuliomzunguka kijana yule kwa shangwe na ushauri, ambao tulipiga hodi katika mlango mmoja, tukaona kimya, tukadhani nyumba nzima haina watu. Na kwa kuwa naona vijana wengi, wa kike na wa kiume, wakianza biashara kwa akiba ya jasho lao, na aghalabu wakiamini kwamba jina likikubaliwa na ofisi moja limekuwa lao daima, nimeona ni dhamana yangu kulieleza jambo hili kwa urefu.

Asili ya kosa ni kudhani kwamba daftari la majina ya biashara liliwekwa ili kuwagawia watu majina, kama shamba linavyokatwa viwanja. Sivyo. Uingereza ilipotunga sheria yake ya kusajili majina ya biashara mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, haja yake haikuwa kumpa mfanyabiashara milki ya neno, bali kumfichua aliyejisitiri nyuma ya kibao, ili mtu akifanya tijara kwa jina lisilo lake mwenyewe, umma ujue ni nani hasa wa kudaiwa na wa kushtakiwa. Mtindo huo uliletwa Tanganyika na Kenya wakati wa ukoloni, ukabaki, na roho yake haijabadilika: cheti cha jina la biashara humjulisha mwenye duka kwa watu, lakini hakimmilikishi neno lililoandikwa juu ya duka lake. Ndiyo maana deni la biashara ya namna hiyo ni deni la mwenyewe, kwani mbele ya sheria hapana wawili, yuko mmoja tu mwenye majina mawili.

Milki ya neno hutafutwa katika daftari jingine, nalo ni la alama za biashara na huduma, ambalo Tanzania Bara linafuata sheria ya mwaka 1986. Humo bidhaa na huduma zimepangwa kwa madaraja yanayofuatwa na mataifa mengi kwa mapatano yaliyofanyika mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1957. Leo madaraja hayo ni 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Halua imo katika daraja la 30, pamoja na kahawa, chai, sukari, mkate na viungo. Ndiyo kusema neno moja laweza kuwa la mtu huyu katika vitamu na la mtu yule katika matairi ya magari, wala wasigombane. Lakini mpika halua ambaye hakulifungua daraja lake akalisoma, amejenga juu ya kiwanja asichojua mwenyewe. Mpwa wangu hakuwa amewahi kulisikia daraja la 30 mpaka alipolikuta limeandikwa katika barua ya wakili.

Na hapa lugha yetu inazidisha ugumu, kwa sababu watu wa pwani, wanapofungua biashara, hupenda kuomba dua kwa jina lenyewe. Duka huitwa Baraka, au Neema, au Tawakali, au Riziki, au Nuru. Na ni desturi njema, sitaki iachwe. Lakini neno la dua ni la watu wote, na kadiri lilivyo la wote ndivyo lilivyo gumu kulindwa na mmoja, fauka ya kwamba huandikwa kwa sura nyingi. Yuko anayeandika Heri na yuko anayeandika Kheri; Riziki kwa huyu ni Rizki kwa jirani yake; Nuru hugeuka Noor pindi kibao kikielekezwa kwa wageni wa Ghuba. Kompyuta inayolinganisha herufi itaapa kwamba hayo ni majina mbalimbali, ilhali mteja aliyetumwa na mamaye dukani, ambaye hakuandikiwa chochote bali ametiwa neno sikioni, anasikia jina moja tu.

Sheria inamfuata mteja huyo. Mwaka 1906 jaji mmoja wa Uingereza, aitwaye Parker, aliamua shauri la ala za muziki, ambapo wenye jina Pianola walipinga jina Neola lisisajiliwe. Alifundisha kwamba majina mawili yapimwe kwa jicho na kwa sikio, na kwamba itazamwe pia bidhaa yenyewe ni ipi na mnunuzi wake ni mtu wa namna gani. Akaliruhusu jina Neola, kwa kuwa ala ile ilikuwa ya ghali, na mtu hainunui mbio mbio pasipo kujua anachokinunua. Ni kipimo ambacho mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza, na zetu zimo, hukirejea hata leo. Lakini halua si kinanda. Hununuliwa jioni, kwa haraka, na mtoto mwenye noti iliyokunjwa kiganjani, na kwa mnunuzi wa namna hiyo tofauti ya herufi moja si tofauti.

Liko jambo la tatu, na ndilo husahauliwa kuliko yote, kwamba daftari laweza kunyamaza na jina likawa na mwenyewe. Pwani hii ina wapishi ambao jina lao linajulikana kutoka kwa babu hadi mjukuu, na karatasi ya usajili hawajapata kuiona. Hata hivyo sheria tuliyoirithi humkataza mtu kuuza bidhaa yake kwa hila ya kuonekana ni ya mwingine ambaye tayari ana sifa sokoni. Basi ukaguzi wa jina hauishi mezani. Sharti mtu avae viatu, aende sokoni, awaulize wauza jumla na mawakala wa mabasi wanaopokea vifurushi vya mikoani, alitaje jina kwa sauti na kuwatazama usoni. Akisikia "Ah, hao wa kule Pangani?" basi amepata jibu ambalo daftari lisingempa.

Wala asidhani kuwa adabu hii ni ya wanyonge pekee. Burger King, pamoja na ukubwa wake Marekani, ilipotaka kuingia Australia ilikuta jina hilo limekwisha kusajiliwa na duka dogo la vyakula mjini Adelaide. Ikawa mkahawa wa kwanza uliofunguliwa Perth mwaka 1971 uitwe Hungry Jack's, na kwa jina hilo unajulikana hadi sasa. Mwenye duka lile hakuhitaji kuwa tajiri. Ilitosha kwamba aliandikisha kwanza. Habari hii nampa kila anayeniambia kuwa alama za biashara ni mambo ya makampuni makubwa, maana mimi naiona ni ngome ya mdogo, maadamu ameambiwa kuwa ipo.

Nasema maadamu ameambiwa, na hapo ndipo ninapoleta ombi langu kwa wenye mamlaka. Tangu mwaka 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao tumezoea kuuita BRELA, husajili kwa njia ya mtandao, na mtu wa Kasulu hana haja tena ya kusafiri hadi Dar es Salaam ili kuuliza kama jina liko wazi. Hiyo ni neema kubwa. Lakini Zanzibar ina wakala wake na madaftari yake, na alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Visiwani, wala ya Visiwani hailindwi Bara. Hivyo halua inayovuka bahari kwa jahazi moja hubadilisha sheria njiani. Kenya nako, jina huulizwa kwa idara moja na alama huulizwa kwa taasisi nyingine. Nataka mtu akiandika jina lake mara moja, ajibiwe na madaftari yote kwa pamoja, ya majina, ya makampuni na ya alama, Bara na Visiwani, na aonyeshwe si yale yanayofanana kwa herufi tu, bali hata yale yanayofanana kwa matamshi ya Kiswahili. Na cheti cha jina la biashara kiandikwe, kwa Kiswahili kilicho wazi na kwa herufi zisizohitaji miwani, kwamba hakimpi mwenye nacho milki ya jina hilo.

Najua yuko atakayesema kuwa mzigo huu ni mzito kwa mtu mwenye mtaji wa sufuria moja, na kwamba tungemwacha aanze, mengine yatajijibu mbele. Nami niliwahi kuamini hivyo. Lakini gharama ya kuuliza ni siku chache na nauli ya kwenda sokoni, ilhali gharama ya kutouliza niliiona ikielea katika beseni la maji ya moto, vipande vya karatasi vyenye jina la marehemu, na mjukuu wake akiviokota kimoja kimoja kwa kuwa hakutaka vitupwe jaani.

Alikaa majuma matatu bila kupika. Aliandika majina 11 katika daftari la shule, akayapeleka kwenye madaftari ya serikali na kisha sokoni, na kila lililopata mwenyewe akalifuta kwa mstari mmoja. Manne yalikufa kwa sababu ya alama, mawili sokoni, moja kwa kuwa mamaye hakulipenda. Lile alilolichagua amelipelekea maombi ya alama katika daraja la 30 kabla ya kumwita mpiga chapa, na kibao cha duka, ambacho fundi amekwisha kukipaka rangi nyeupe, kimeegemezwa ukutani kikingoja jibu.