Wati za Kasha na Hukumu ya Sikio

Spika za senema ya nyumbani zimeingia katika nyumba nyingi za visiwa vyetu, na makasha yanayoshushwa bandarini yameandikwa wati kwa mamia na maelfu. Mwananchi anayetoa akiba yake ya miezi kadhaa kununua vyombo hivyo ana haki ya kuuliza: je, tarakimu hizo husikika?

Ni lazima ifahamike kwamba sikio halihesabu kama kalamu. Amplifaya ya wati 100 huizidi ile ya wati 50 kwa desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, yatakiwa nguvu mara kumi hivi. Tena nguvu ya kufumba na kufumbua si nguvu ya mfululizo, ijapokuwa zote huitwa wati. Kwa sababu hiyo Marekani iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaikaza ili wauzaji watumie kipimo cha namna moja.

Hata hivyo, wale wasemao kuwa sikio lao lawatosha nao wasijidanganye. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwapa watu spika zile zile wazisikilize, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Zilipofichwa, hukumu zilibadilika. Kumbe ukubwa, bei na jina la kampuni vilikuwa vimeyatawala masikio. Lakini uchunguzi wa Toole nchini Kanada ulikwisha kuonyesha kwamba spika zinazopendwa na wasioziona kwa kawaida ndizo zenye vipimo vizuri. Kipimo cha haki na sikio la haki, basi, havigombani.

Kwa maoni yetu, wakuu wa viwango na biashara hawana budi kuhakikisha kwamba kila kasha linataja nguvu ya mfululizo na namna ilivyopimwa. Idara zinunuazo vyombo vya kumbi na skuli kwa fedha za umma nazo zidai maelezo hayo kabla ya kulipa. Na mnunuzi naye azisikilize spika mbili kwa sauti ya kiasi kimoja, akiwa amezipa mgongo, kwani inayopiga kwa nguvu zaidi hudhaniwa kuwa ndiyo bora.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tusikubali kibaya kijitembeze kwa tarakimu.